Kabichi za Milimita

Seremala huyu mtaani walimwita Milimita, naye hakuchukia. Alikuwa mtu wa kurudisha ubao mzuri kabisa kwa sababu umepinda kiasi ambacho wewe na mimi tusingekiona hata kwa miwani. Mteja akimwambia anataka kabati la "kama mita mbili hivi", alimkatiza: "Hivi ni ngapi?"

Baada ya miaka sita ya ndoa alipata mtoto wa kwanza, wa kike. Mke wake, mwalimu wa chekechea, alikuwa amekwenda kujifungulia kwao, mwendo wa nusu siku kwa basi, ili mama yake amtunze. Milimita alimwona mwanawe mara mbili tu, na mara zote mbili mtoto alikuwa amelala. Sasa walikuwa wanarudi Jumamosi, mtoto na mama yake, pamoja na mama mkwe ambaye angekaa wiki mbili kusaidia.

Jumatano ya wiki ile ile Milimita aliamka akijikuna. Kwenye shuka aliona vidoa vyeusi vidogo, kama mtu amechovya kalamu akaigusisha hapa na pale. Akainua godoro, akamulika kwa simu. Kwenye maungio ya kitanda, maungio aliyoyachonga kwa mikono yake, walijipanga kunguni wanono, baba, mama na wajukuu.

Alijua walikotoka. Mwezi mmoja nyuma mteja alileta kochi kuukuu la kutengenezwa. Mvua ilipotishia, Milimita aliibeba mito yake nyumbani isilowe. Huruma ikamletea wageni.

Tatizo ni kwamba kunguni si mbu. Mbu akikuuma, analaumiwa mbu. Kunguni akikuuma, unalaumiwa wewe. Milimita aliwaza mama mkwe akiamka Jumapili asubuhi na vipele shingoni, kisha akiwasimulia shangazi wote, na shangazi wakiwasimulia waume zao. Akaapa moyoni kwamba hatamwambia mtu, na kwamba Jumamosi haitamkuta kunguni hai.

Ijumaa alikwenda kwenye duka la pembejeo. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye aproni ya kijani na sauti ya mwalimu mkuu. Rafu zote za duka lile alizitengeneza Milimita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Rafu zako bado zimesimama wima kuliko mume wangu. Nikupe nini?"

"Dawa ya wadudu. Kali."

"Wadudu gani, kwenye mmea gani?"

Milimita akatazama kulia na kushoto. Palikuwa na mzee mmoja tu anachagua mbegu.

"Kabichi," akasema.

"Kabichi! Umeanza kilimo lini?"

"Nyuma ya nyumba. Mistari miwili tu."

"Haya, hao wadudu wanafananaje?"

"Wadogo. Bapa. Wekundu wekundu. Wanajificha kwenye maungio."

"Kabichi ina maungio?"

"Pale majani yanapokutana," akasema Milimita, na kijasho kikamtoka.

Mama yule alimwangalia kidogo, kisha akashusha chupa moja yenye ukanda wa njano chini ya lebo. Hakumpa. Aliishika mkononi kama mtu aliyeshika mtoto wa watu.

"Sikiliza. Njano maana yake hii si ya kuchezea. Kifuniko kimoja, ujazo huu hapa, kwa bomba zima la maji. Usiongeze. Vaa glavu, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika, na ufunge pua na mdomo. Mgongo wako uelekee upepo unakotoka. Ukimaliza, oga kwa sabuni, na hizo nguo zifuliwe peke yake. Hizo kabichi usizivune mpaka siku kumi na nne zipite. Na hii ni ya shambani. Ndani ya nyumba isiingie, hata kwa kutembea. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alikwisha kufika mlangoni alipogeuka. "Mama, hivi hii haiachi doa kwenye kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

"Nguo tu. Upepo ukiipeperusha." Akatoka haraka kabla hajaulizwa lingine.

Jumamosi alfajiri aliazima bomba la kupulizia la mgongoni kwa jirani mwenye bustani. Akajaza maji. Akafungua chupa, akakitazama kile kifuniko, akakiona kidogo mno. Kabichi iko nje, inapigwa na jua na upepo, ndiyo maana wanaweka kidogo, alijiambia. Hawa wangu wako ndani ya mbao. Mtu yule yule aliyeweza kugombana na mteja kwa upana wa ukucha aliiinamisha ile chupa akamimina nusu nzima, bila kupima.

Kisha akafunga madirisha yote, dawa isitoke.

Glavu hakuwa nazo. Barakoa alikuwa nayo karakanani, ya vumbi la mbao, akaona uvivu kuifuata. Alivaa kandambili na shati la kazi, akaanza. Alipulizia kitanda, godoro pande zote mbili, mapazia, nyufa za ukuta. Bomba lilikuwa linavuja kwenye mshono, akahisi mgongo ukilowa ubaridi, akadhani ni maji tu. Mwisho akafika kwenye kitanda cha mtoto.

Kitanda kile alikitengeneza kwa wiki mbili. Kila kijiti alikipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu. Hakukipaka vanishi hata tone, kwa sababu alisikia watoto huuma mbao meno yanapoota, na hakutaka mwanawe alambe kemikali. Alisimama mbele yake kidogo. Akafikiri: kunguni wakihamia hapa je? Akakipulizia chote, juu, chini, na kwenye kila tundu.

Alipomaliza alikuwa anakohoa. Alijifuta mikono kwenye suruali, akachukua mkate mezani, akala amesimama nje. Akaitumbukiza chupa ndani ya mfuko wa zana ili mke wake asiione, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kazini na shati lile lile likimkaukia mwilini. Basi lilikuwa lifike saa sita. Mpaka hapo, alijiambia, harufu itakuwa imekwisha.

Karakanani alifanya kazi na mzee mmoja, mpakaji wa vanishi, waliyemwita Brashi, mjane, mtu wa maneno mengi na goti bovu. Ilipofika saa nne Milimita alikuwa na kichwa kinachogonga. Ilipofika saa tano jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu anayebeba magunia, ingawa kulikuwa na mawingu. Alichukua futi ya utepe apime mguu wa meza. Ile mistari midogo ikaungana yote, ikawa ukungu. Akaufuta utepe kwa kidole. Ukungu ukabaki.

"Milimita," Brashi akaita. "Unadondokwa na mate."

"Malaria tu."

"Malaria gani ya mate? Mimi nimeugua malaria tangu hujazaliwa, sijawahi kudondokwa na mate."

"Niache, mzee wangu."

Wakati huo mwenye duka la pembejeo alikuwa anakuja barabarani karibu kukimbia, aproni ya kijani ikiwa bado kiunoni. Hakuwa amelala vizuri. Lile swali la doa lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Asubuhi alikuwa anamhudumia mteja, mara likamjia lote pamoja: wadogo, bapa, wekundu, maungio, kitambaa. Akafunga duka mteja akiwa bado ana swali mdomoni.

Aliingia karakanani akihema. "Fundi, kabichi ziko wapi?"

"Nyuma ya nyumba," akajibu Milimita. Hata pale, miguu ikimtetemeka, aibu ilikuwa bado ina nguvu kuliko yeye. Halafu akainama, akatapika juu ya maranda ya mbao.

Mama yule alimshika kidevu akamtazama machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama ncha za sindano.

"Baba, nisikilize. Sikuulizi ili nikucheke. Nakuuliza ili uishi. Umepulizia wapi?"

Milimita akafumba macho. "Kitandani, mama. Ni kunguni."

"Na ukaoga?"

"Sikuoga."

Mwenye duka hakupoteza neno. Alimwambia Brashi avae mifuko ya plastiki mikononi, wakamvua Milimita shati na suruali, wakazitia kwenye mfuko, wakaufunga. Wakamkalisha chini ya bomba la maji lililokuwa uani, wakamsugua kwa sabuni ya kufulia, mgongo, mikono, mpaka kwenye nywele. Wapita njia walisimama kutazama fundi mzima anaogeshwa mchana kweupe. Brashi aliwafukuza kwa mkono wenye mfuko.

"Nilete maziwa?" Brashi akauliza. "Wanasema maziwa huua sumu."

"Wanaosema hivyo hawajasoma lebo. Hakuna maziwa, hakuna kumtapisha. Ni hospitali. Chupa iko wapi?"

Milimita akaonyesha mfuko wa zana. Mwenye duka akaitoa, akaifungia kwenye mfuko mwingine, akaishika. Dereva wa pikapu iliyoleta mbao asubuhi ile alikuwa ameshawasha gari. Walimpakia amevikwa turubai safi. Gari lilipoanza kusogea, Milimita akamkamata Brashi mkono kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Saa ngapi?"

"Saa sita na dakika zake."

"Mke wangu anafika. Na mtoto. Nyumba nimeifunga na dawa. Kitanda cha mtoto, Brashi. Nimekipulizia kitanda cha mtoto!"

Brashi akapiga simu ya mke. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Basi, mzee yule wa miaka hamsini na minane, ambaye kwa goti lake alikuwa hapandi hata ngazi ya kupakia vanishi, akanyakua baiskeli ya muuza mkaa wa jirani bila kuomba, akaondoka akiendesha katikati ya barabara.

Alipokata kona aliwaona. Mabegi yalikuwa chini. Mama mkwe, kilemba kimelegea, alikuwa anausukuma mlango kwa bega. Mke wa Milimita alisimama nyuma yake, mtoto kifuani, akisema, "Inua kidogo mama, kisha sukuma. Huwa unainua kidogo."

Mlango ule uligoma kila msimu wa mvua. Mbao zake zilivimba zikabana kwenye fremu, na kwa miaka miwili mwalimu alikuwa amemwomba mumewe aupige randa, naye alijibu kesho. Kinyozi hajinyoi. Ufunguo ulikuwa umezunguka, kitasa kimeshuka, umebaki ubao tu na bega la mama mkwe.

"Msifungue!" Brashi alipiga kelele akiwa bado mbali. "Msifungue! Ondokeni hapo!"

Mama mkwe akageuka, mikono kiunoni. "Na wewe ni nani wa kutuzuia kwetu?"

Brashi hakushuka kwenye baiskeli, alianguka nayo. "Ndani kuna sumu," alisema akiwa chini. "Ya shambani. Amepulizia nyumba nzima. Mtoeni mtoto hapo."

Mwalimu hakuuliza swali. Alirudi kinyumenyume mpaka ng'ambo ya barabara, amemfunika mtoto kichwa kwa kiganja. Hapo tu ndipo aliposema, "Yeye yuko wapi?"

"Hospitali. Yuko macho, anaongea. Ni yeye ndiye kanituma."

Mama mkwe alikuwa bado amesimama mlangoni. Taratibu akauondoa mkono wake kwenye kitasa, akautazama, akaufuta kwenye kanga, kisha akaenda kuuosha kwa jirani kwa sabuni, mara tatu.

Hospitalini daktari, kijana mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliipokea ile chupa kwa mikono yenye glavu kabla hata hajamgusa mgonjwa. Akaisoma lebo yote.

"Nani kaja na hii?"

"Mimi," akasema mwenye duka. "Mimi ndiye niliyemuuzia."

"Basi umenipunguzia saa nzima ya kubahatisha."

Walimchoma sindano, wakasubiri, wakamchoma nyingine. Walimwekea hewa ya oksijeni. Walimwosha tena, hata chini ya kucha. Ilipofika saa kumi jasho lilikuwa limekatika, mdomo umemkauka kama kitambaa, na Milimita akauona ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya krimu, na fundi aliyepaka hakunyoosha mstari. Aliufurahia ule mstari uliopinda kuliko kazi yoyote aliyowahi kuiona, kwa sababu aliuona.

Mke wake aliingia peke yake. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akaugeuza huku na huku kama anayekagua kazi.

"Mtoto?" Milimita akanong'ona.

"Yuko na bibi yake. Hakuingia ndani. Hakuna aliyeingia."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Mlango wako ulikataa."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mke wake naye akalia huku akimwambia anyamaze, daktari atadhani dawa zimegoma. Walikaa hivyo mpaka pumzi zikawatulia wote wawili.

"Sasa niambie," mwalimu akasema, akijifuta macho kwa kitenge. "Kunguni tu? Ungeniambia kwenye simu, ningekaa kwa mama wiki nyingine."

"Niliona aibu. Mama angesema nimekuoa nikakulaza na kunguni."

Mama mkwe alikuja kesho yake asubuhi. Milimita alimwona mlangoni akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akavuta kiti. Alimtazama kwa muda mrefu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akaanza kuona aibu. "Mwanangu, mimi nimesoma bweni miaka minne. Unajua tulikuwa tunalala na nini? Tuliwapa majina. Nilipoolewa, baba mkwe wako alikuja na sanduku, na ndani ya sanduku walikuwamo. Tukawamaliza kwa maji ya moto na jua. Hivyo tu. Ungeniuliza, ningekuja na birika."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe kunguni? Kunguni sikusamehe kwa sababu si kosa. Lile la kumimina nusu chupa ndilo nitakusimanga nalo mpaka nizeeke." Akamwekea ndizi mbili juu ya kabati. "Kula. Daktari kasema unaweza."

Siku ya tatu alitoka. Nyumba hakuirudia. Mwenye duka aliwakaribisha wote kwake, akasema, "Dawa zangu ziko dukani chini ya kufuli. Nyumbani kwangu hutakuta hata ya mende." Bwana afya wa manispaa ndiye aliyeingia kwanza, amevaa barakoa nzito na glavu mpaka kwenye viwiko. Alifungua madirisha yote, akayaacha wazi siku kadhaa. Sakafu na kuta zikasuguliwa kwa maji na sabuni. Nguo na mapazia vilifuliwa mbali na vya watu wengine. Godoro halikuokolewa. Lilifungwa kwenye plastiki, likaandikwa kwa herufi kubwa kwamba lina sumu, likabebwa na gari la manispaa, ili mpita njia asiliokote akaenda kulalia.

Milimita alisimama uani akitazama kitanda cha mtoto kinatolewa.

"Hakiwezi kuoshwa?" akauliza.

"Mbao tupu hunywa, fundi. Wewe unajua kuliko mimi. Ungekuwa umekipaka vanishi ningefikiria."

"Basi nikichome."

"Usichome. Moshi wake utaingia mapafuni mwa mtaa mzima. Kinakwenda na godoro."

Kisha bwana afya akainua ubao mmoja wa kitanda kikubwa, akachokoa ungio kwa kijiti, akamwita. "Njoo umwone."

Ndani ya ule ufa, baada ya nusu chupa, alikuwa anatembea kunguni mmoja, mzima, bila haraka.

"Wengi wameshazizoea hizi dawa," akasema bwana afya. "Wengine zinawakosa tu, wamejificha ndani sana. Wewe ulikuwa karibu kufa, yeye anatafuta chakula."

Brashi, aliyekuja kushuhudia, alicheka mpaka akashika goti. Milimita naye akacheka. Lilikuwa jambo geni kwake, kucheka mbele ya watu juu ya kunguni wake mwenyewe, na hakuna aliyesogea mbali naye.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira zaidi kuliko sumu. Walitenganisha kitanda, wakamwagia kila ungio maji yanayochemka, wakakianika juani siku nzima. Nguo walizipiga pasi ya moto mishono yote. Milimita aliziba nyufa za ukuta na za dari. Mwisho bwana afya akamtuma mtu mwenye kibali, akatumia dawa ya nyumbani kwa kipimo chake, kwenye nyufa tu, watu wakiwa nje. Baada ya wiki mbili akarudia tena, kwa ajili ya mayai yaliyoanguliwa. Ile chupa ya ukanda wa njano, nusu iliyobaki, ilirudi kwa mwenye duka, ambaye aliifungia na kusema sasa kila anayemwambia kabichi atamwomba picha.

Mama mkwe, aliyekuja kwa wiki mbili, alikaa tano. Alipoondoka, Milimita alimsindikiza stendi na kumbebea begi mpaka ndani ya basi.

"Ukiona mdudu yeyote," mama mkwe akamwambia dirishani, "hata kama ni siafu, piga simu."

"Nitapiga, mama."

Aliporudi nyumbani ilikuwa alasiri, mvua nyepesi inanyesha. Nyumba ilinuka sabuni na mbao mpya. Kitanda kingine cha mtoto kilikuwa karibu na dirisha, kimekamilika jana yake, nacho hakikuwa na vanishi. Mwalimu alikuwa amemlaza mtoto humo, akakaa chini kando yake, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha.

Mtoto akapiga chafya.

Milimita akaruka. Alipiga magoti, akanusa shuka, akanusa vijiti, akanusa kichwa cha mtoto, akamwangalia jicho moja moja. Mtoto alimtazama kwa mshangao, akapiga chafya ya pili, akapiga miayo.

"Baba mtoto," mke wake akasema kwa upole, "watoto hupiga chafya. Ndivyo walivyo."

"Ndivyo tu?"

"Ndivyo tu. Njoo ukae."

Akakaa. Mke wake akakilaza kichwa cha mumewe begani mwake, na kabla mvua haijakatika Milimita alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, mkono mmoja ndani ya kitanda cha mtoto, na mtoto ameshika kidole chake kimoja.